Jeraha lililokasirishwa

Majuzi rafiki yangu anayefanya kazi katika ofisi moja katikati ya jiji la Nairobi aliniletea nakala ya masharti ya bima ya afya ambayo wafanyakazi wote walikuwa wamepewa, Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Kifungu kimoja cha Kiswahili kilieleza kwamba bima haitagharimia matibabu ya "jeraha la zamani lililokasirishwa na kazi". Ofisi nzima ilikuwa imecheka, na ilikuwa na haki ya kucheka, maana jeraha linaweza kuvimba lakini halivimbi kwa hasira. Upande wa Kiingereza palikuwa na neno "aggravated", na ilikuwa wazi kwamba tafsiri hiyo ilitoka kwenye programu ya kompyuta na kuchapishwa bila mtu kuisoma. Jambo hilo limekuwa la kawaida siku hizi, kwa kuwa ofisi nyingi zinataka kuonekana zinakienzi Kiswahili ila hazitaki kumlipa mfasiri. Kilichonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni maelezo yaliyofuata kicheko. Mwalimu mstaafu wa Kiingereza, ambaye ofisi hiyo humwita kuihariri mikataba yake, aliwaambia kwamba mashine imekosea kwa sababu neno hilo halijawahi kuwa na maana ya kuudhi au kukasirisha. Maana yake ni kuzidisha ubaya wa jambo, basi, na hiyo maana nyingine ni uchafu ulioletwa na vijana na filamu za Kimarekani. Kauli hiyo ilipokewa kama hukumu ya korti ya rufani.

Mimi naona mwalimu na mashine wamefanya kosa lile lile, kila mmoja akiwa upande wake. Wote wawili wamedhani kwamba neno lina maana moja ya haki na kwamba kazi ya mtumiaji ni kuijua na kuibandika popote neno linapotokea. Mashine ilishika ya kuudhi, mwalimu akashika ya kuzidisha. Ukweli ni kwamba maana zote mbili ni kongwe, zote mbili ni halali, na zimezaliwa na tumbo moja, na kinachoamua ipi inakusudiwa ni kile kinachotwikwa mzigo katika sentensi. Natumia kitenzi "kutwika" kwa makusudi, kama itakavyoonekana. Na nadhani Mswahili ana nafasi nzuri ya kulielewa jambo hili kuliko wengi wanaojifunza Kiingereza kwa kukariri orodha za makosa, kwa sababu lugha yake inafanya jambo hilo hilo kila siku bila mtu kulalamika.

Tuanze na asili. Kiini cha neno hili ni "gravis", neno la Kilatini lenye maana ya zito, ambalo likiongezewa kiambishi cha mwelekeo linazaa kitenzi "aggravare", yaani kuongezea kitu uzito, kukitwika, kukilemea. Kitenzi hicho hakikuchagua kati ya vitu na watu. Katika tafsiri ya Kilatini ya Biblia, ile iliyotokana na kazi ya Jerome mwishoni mwa karne ya 4, Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinaposimulia jinsi mkono wa Bwana ulivyowashukia watu wa Ashdodi, kitenzi kilichotumiwa ni hiki hiki, na msomaji wa Biblia ya Kiswahili naye hukuta hapo mkono ulio mzito juu ya watu. Waliolemewa pale ni binadamu, wala hakukuwa na "jambo" lililozidishwa ubaya. Kiingereza kilikichukua kitenzi hiki katika karne ya 16. Mwanzoni kilikitumia kwa maana ya kulemeza, ambayo leo imekufa kabisa; kabla karne hiyo haijaisha kikawa tayari kinakitumia kwa maana ya kuzidisha ubaya wa kosa, ugonjwa au ugomvi; na mwaka 1611 kamusi ya Kifaransa na Kiingereza ya Randle Cotgrave ikaliweka neno hili bega kwa bega na neno la Kiingereza la kumtia mtu ghadhabu. Kati ya maana ya mwalimu na maana ya mashine, basi, upo umbali wa miongo michache tu, na zote mbili zina umri unaozidi miaka mia nne. Filamu za Kimarekani hazina kesi ya kujibu.

Ukoo wa neno hili unastahili kutazamwa kidogo, kwa sababu ndani yake mna ushahidi ambao walalamikaji huusahau. Nguvu inayoangusha embe chini, ile ambayo wanafizikia wa Kiingereza huiita "gravity", imetoka kwenye uzito huo huo. Huzuni ya msiba, "grief", imepitia Kifaransa ikitokea huko huko, na hapa Mswahili haelezwi kitu kigeni, kwani naye husema moyo umekuwa mzito. (Kaburi, ambalo kwa Kiingereza huandikwa "grave", halimo kwenye ukoo huu, limetokana na neno la kale la jamii ya lugha za Kijerumani lenye maana ya kuchimba, na kufanana kwake na uzito ni bahati tu.) Lakini ndugu muhimu kuliko wote ni "aggrieved". Hili ni pacha wa "aggravated" kwa maana kamili: yote mawili yametoka kwenye kitenzi kimoja cha Kilatini, moja likipita moja kwa moja, jingine likizungukia Ufaransa. Sheria za Kenya zimejaa vifungu vinavyosema kwamba mtu ambaye ni "aggrieved" kwa uamuzi fulani anaweza kukata rufaa. Anayezungumziwa hapo siku zote ni mtu aliyedhulumiwa, aliyeumizwa, asiyeridhika. Ikiwa pacha mmoja anaruhusiwa kumlemea binadamu hata katika sheria za nchi, sioni ni kwa kanuni gani mwenzake anaambiwa abebeshe mambo tu.

Lawama zilitoka wapi, basi? Hazikutoka kwenye historia ya neno, kwa sababu watu walilitumia kwa maana ya kuudhi kwa zaidi ya karne mbili pasipo mtu kunyanyua kidole. Samuel Richardson alilitumia hivyo katika riwaya aliyoichapisha miaka ya 1740. Malalamiko yalipamba moto katika karne ya 19. Mwanafalsafa John Stuart Mill alilalamika kwamba matumizi hayo, ambayo utotoni mwake yalikuwa lugha duni ya chumba cha kulelea watoto, yalikuwa yamepenya hadi kwenye magazeti na vitabu. Mwaka 1926, H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ambayo iliwalea wahariri wengi wa dola ya Waingereza, aliagiza kwamba maana ya kuudhi waachiwe watu wasiosoma, akaongeza kwamba kwa sehemu kubwa ni usemi wa wanawake na watoto. Msomaji na aisome sababu hiyo mara ya pili. Haisemi kwamba neno linapotosha, wala kwamba msikilizaji hataelewa. Inataja ni nani wanaolitumia: yaya, mama na mtoto. Kanuni iliyozaliwa hivyo ikapanda meli, ikashuka Mombasa, ikapanda gari la moshi hadi kwenye madarasa yetu, na leo inafundishwa Nairobi kana kwamba ni kanuni ya hesabu, na mtu aliyepata alama nzuri za Kiingereza anaitumia kumkosoa karani wake.

Hata hivyo si haki kumfanya kila anayelalamika kuwa mtumwa wa Fowler. Wapo wanaotoa hoja yenye nguvu zaidi, nayo ni hoja ya usahihi wa kazi. Wanasema Kiingereza tayari kina maneno kadhaa ya kuudhi, lakini neno lenye kubana la kuongeza ubaya wa kitu kilichokwisha kuwa kibaya ni adimu. Kwamba wakili na daktari wanalihitaji neno hilo likiwa safi. Na kwamba neno likibeba maana mbili, siku moja litamwangusha mtu, kama ilivyotokea kwenye ile nakala ya bima. Hoja hii naiheshimu, na katika maandishi rasmi ya Kiingereza mimi mwenyewe ninaifuata: nikiandika barua ya kikazi, neno hili naliweka kwenye ugonjwa, mgogoro au deni, na mtu aliyenichosha namtafutia neno jingine. Ila tuangalie hoja hii inafika wapi. Inatoa ushauri mzuri wa kuchagua maneno. Haithibitishi kwamba maana nyingine ni kosa, na ni dhahiri kwamba haithibitishi kuwa haijawahi kuwapo. Mfasiri anayeamini kwamba haipo ataikuta kesho katika riwaya, mhusika akimwambia mkewe neno hilo hilo, naye ataandika kwa ujasiri kwamba mume "amezidishwa ubaya".

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya asili, ambayo ndiyo hasa mwalimu wetu aliiegemea: kwamba neno lishikwe kwa maana ya mizizi yake. Tukilishika hivyo, maana ya kuzidisha ubaya nayo inaanguka, kwa sababu mizizi inazungumzia uzito, na uzito si ubaya. Mtu pekee jijini Nairobi anayeweza kulitumia neno hili kwa uaminifu kamili ni yule anayeongeza gunia la viazi kwenye mkokoteni pale soko la Wakulima. Ukishasema kwamba ugonjwa unaweza "kuongezwa uzito", tayari umetumia sitiari, na mlango uliopitisha sitiari hiyo huwezi kuufunga sitiari ya pili inapobisha hodi. Kuudhiwa nako ni kutwikwa mzigo.

Kiswahili chenyewe kingekuwa cha kwanza kufa kwa kanuni ya asili. Kitenzi "kuudhi" tumekipata kutoka Kiarabu, ambako shina lake linahusu madhara na kuumiza. Ndugu zake tulio nao ni "adha" na "udhia". Kama asili ingekuwa sheria, mtoto anayepiga kelele sebuleni asingeweza kutuudhi mpaka atujeruhi. Tazama pia "kuchochea". Mpishi huchochea kuni ili moto uzidi. Mwanasiasa huchochea watu hadi wapandwe na mori. Na mahakama zetu humshtaki kwa uchochezi, wala hakuna wakili aliyewahi kusimama na kujitetea kwamba mteja wake hakushika kuni. Kitendo kimoja, moto ukiwa ndicho kinachotendwa mara moja, binadamu mara nyingine.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni "kuzidi", kitenzi ambacho mtu wa Nairobi hukitumia mara kumi kabla ya chakula cha mchana. Mvua ikinyesha jioni, msongamano wa magari unazidi barabara ya Jogoo. Makanga naye, akiona watu wamelowa na hawana njia, anaongeza nauli mara mbili, na abiria aliyebana mkoba kifuani anamwambia neno moja tu: "Umezidi!" Hakumaanisha kwamba makanga ameongezeka kimo. Amemaanisha kwamba amevuka mpaka, anakera, havumiliki. Siku hiyo hiyo, katika hospitali upande wa pili wa jiji, mtu anapiga simu nyumbani kusema kwamba mgonjwa amezidiwa, na kila mtu anashika kichwa, kwa sababu kauli hiyo ya kutendwa inamaanisha kwamba hali yake imekuwa mbaya na huenda asione asubuhi. Ubaya uliokithiri na uudhi uliokithiri vimekaa katika shina moja la Kiswahili, vinatofautishwa kwa kiambishi na kwa kile kinachozungumziwa, na sijawahi kumsikia mtu akichanganyikiwa. Hata vijana, ambao mwalimu huwaona kama chanzo cha uharibifu wote, wamelichukua neno la Kiingereza la kuchosha kwa kukosa mvuto wakalifanya "kuboesha", na jijini humu mtu akikwambia umemboesha hana maana kwamba hadithi yako ni ndefu. Anamaanisha umemwangusha na amekasirika. Maana imehama, na wahusika wote wanajua ilikohamia.

Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza kwa anayefasiri ni nyepesi, ingawa inahitaji kichwa cha mtu. Atafute kinachotwikwa. Ikiwa ni mtu mwenye hisia, na aliyemtwika ni mtu mwingine au jambo la kusumbua, Kiswahili kina kuudhi, kukera, kukirihi, kuchokoza. Ikiwa ni hali, kina kuzidisha, kuchochea, kufanya kuwa baya zaidi. Tatizo kubwa zaidi liko katika maeneo mawili ambako kukosea hakuishii kwenye kicheko.

La kwanza ni korti. Sheria ya Kenya kuhusu taratibu za kesi za jinai inaruhusu mahakama za chini kuendesha shughuli kwa Kiingereza au Kiswahili, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumika. Maana yake ni kwamba makarani wa korti hulifasiri neno hili kwa mdomo, papo hapo, wala hawana nafasi ya kufungua kamusi. Umuhimu wake uliongezeka baada ya Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba. Kabla ya hapo, aliyepatikana na hatia ya mauaji alikuwa na adhabu moja tu ikimsubiri, na mazingira ya kosa hayakubadilisha kitu. Sasa jaji anapaswa kuyapima, akiweka upande mmoja yale yanayolifanya kosa kuwa zito zaidi, kama vile silaha hatari au wingi wa waathiriwa, na upande wa pili yale yanayolegeza adhabu. Katika mizani hiyo, neno letu ndilo jina la upande wa kwanza. Mkalimani akimwambia mshtakiwa kwamba jaji amezingatia "mambo ya kuudhi", mshtakiwa anaweza kwenda gerezani akiamini kwamba amefungwa miaka mingi kwa sababu alimkasirisha jaji, pengine kwa jinsi alivyosimama kizimbani. Hilo si kosa dogo la msamiati. Na Kiswahili cha kulieleza kipo, tena kinaukaribia mzizi wa Kilatini kuliko Kiingereza chenyewe: uzito wa kosa. "Mambo yanayoongeza uzito wa kosa" inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya maji.

Hapa pana jambo dogo linalonifurahisha. Neno la Kiingereza ambalo mawakili huliweka upande wa pili wa mizani, "mitigating", limetokana na Kilatini cha ulaini, si cha wepesi. Kinyume halisi cha kutwika uzito ni "alleviate", ambalo ndani yake mna "levis", yaani jepesi, lakini hilo limeenda zake kwa madaktari na mashirika ya misaada. Sisi hatukuchukua ulaini wala wepesi. Tunasema kupunguza makali, ya njaa au ya adhabu, kana kwamba shida ni kisu. Kila lugha na picha yake, na anayefasiri picha kwa picha atatoka na kitu kama jeraha lenye hasira.

Eneo la pili ni zahanati. Daktari aliyefunzwa kwa Kiingereza amefundishwa kumuuliza kila mgonjwa mwenye maumivu ni nini huyaongeza na ni nini huyapunguza, na kwenye daftari lake jambo la kwanza huandikwa kwa neno hili hili. Wengi huuliza vizuri wakiwa na mgonjwa ana kwa ana, kwa sababu wanazungumza na mtu: "Ukipanda ngazi, unaumwa zaidi?" Taabu huanza swali linapohamia kwenye fomu iliyochapishwa. Mzee mmoja wa ukoo wetu aliwahi kunipa fomu ya namna hiyo nimsaidie kuijaza, katika kituo kimoja cha afya mtaani Eastlands, na swali lilimtaka ataje mambo "yanayochokoza" maumivu ya mgongo wake. Alifikiri kidogo, kisha akaniambia niandike: "Wajukuu." Nilimwuliza kama ndivyo alivyoelewa swali. Akanijibu kwamba hao ndio wanaomchokoza, na tena akiinama kumbeba yule mdogo mgongo humkata hadi machozi. Kwa bahati jibu lake lilikuwa sahihi kwa maana zote mbili, jambo ambalo fomu haikustahili.

Nikirudi kwenye ile nakala ya bima, rafiki yangu aliniuliza ningeandika nini badala ya jeraha lililokasirishwa. Mwalimu alikuwa amependekeza "jeraha lililozidishwa", ambalo halina kosa la kisarufi, ila msomaji anabaki akijiuliza limezidishwa mara ngapi. Kwa jambo hili mahususi Kiswahili kina kitenzi ambacho Kiingereza hakina: kutonesha, yaani kuligusa au kuligonga donda ambalo tayari lipo hadi liume upya. Kinafaa kidonda, kinafaa mguu uliowahi kuvunjika, na kwa sitiari kinafaa hata kumbukumbu ya msiba. Hakifai shinikizo la damu wala kisukari, ambavyo kwa hivyo vingehitaji "kuzidi kwa sababu ya kazi". Nilimwandikia vifungu viwili mahali ambapo Kiingereza kilikuwa na kimoja, cha majeraha ya zamani yaliyotoneshwa na kazi na cha maradhi ya zamani yaliyozidi kwa sababu ya kazi. Alipovipeleka, aliambiwa ukurasa hauna nafasi ya mstari wa ziada.